Paneli mpya kwenye waya wa zamani: kisa cha nyumba moja Mikocheni

Nyumba ni ya ghorofa moja, Mikocheni, Dar es Salaam. Ilijengwa miaka ya 1990 na alamu ya wezi ikafungwa wakati uleule wa ujenzi, ndiyo maana kebo zake zote zimo ndani ya kuta. Fremu ni za mninga, madirisha yana nondo, na kutoka kila mlango na kila dirisha la chini waya mwembamba mweupe unakwenda hadi kwenye sanduku la bati lililo stoo, chini ya ngazi. Masika iliyopita radi ilipiga karibu na nyumba, na asubuhi yake kipadi cha namba kilikuwa hakiwaki.

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu anayeishi na mkewe na mjukuu mmoja. Aliita mafundi wawili kabla yangu. Wa kwanza alimshauri ang'oe kila kitu, aweke mfumo usio na waya. Wa pili alifika na paneli mpya, yaani bodi inayoiendesha alamu, mkononi hata sanduku la zamani hajalifungua. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nyumba za namna hii ni nyingi Mikocheni na Msasani, na swali ambalo wenye nyumba hizo hulipeleka dukani, "paneli gani nzuri?", halijibiki mpaka mtu ajue kilichomo ukutani.

Bodi ya zamani ilikuwa DSC, kampuni iliyoanzia Kanada, ya kizazi cha zoni 6, yaani laini sita ambazo paneli huziangalia kila moja peke yake. Ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka ishirini bila kubadilishwa kitu ila betri. Nilipofungua sanduku niliona alama nyeusi ya moto pale waya wa simu unapoingia kwenye bodi. Huduma ya simu ya mezani ilishakatwa zamani, lakini waya wake ulibaki umefungwa, unatoka nje ya nyumba hadi kwenye nguzo. Upande wa umeme hapakuwa na dalili ya kuungua. Transfoma ilikuwa nzima, inatoa volti 16 na ushee za AC kama inavyotakiwa. Radi ilipitia waya ambao hakuna aliyekuwa akiutumia. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza, hata kabla ya kufikiria paneli, ilikuwa kuutoa waya huo kabisa. Mwenye alamu ya zamani iliyofungwa kwenye laini ya simu iliyokufa afanye hivyo leo, asisubiri masika nyingine.

Mzee alikuwa na haraka, na nilimwelewa. "Kijana wangu, kwa nini usiweke tu hii isiyo na waya tukamaliza?"

"Mzee, huu waya kama ni mzima hauhitaji betri kila mlango, na hakuna mtu anayeweza kuuziba kwa kifaa cha redio akiwa nje ya ukuta. Nipe nafasi niupime kwanza, halafu tutaongea habari ya paneli."

Kupima ndiko kulikoamua karibu kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapo.

Paneli ya waya haijui kama mlango umefungwa. Inachojua ni kiasi cha ukinzani inachokiona kwenye waya mbili zinazokwenda kwenye swichi ya sumaku ya mlango na kurudi. Mwisho wa waya, pale kwenye swichi yenyewe, hufungwa rezista, kijisehemu chenye ukinzani unaojulikana. Mlango ukifungwa, paneli inaiona rezista hiyo. Ukifunguliwa, mzunguko unakatika. Na mtu akizigusanisha waya mbili njiani ili aidanganye paneli, rezista inapotea machoni pake na paneli inakataa kuihesabu zoni hiyo kuwa salama. Kila mtengenezaji ana thamani yake. DSC hutumia ohmu 5,600 (ohmu ni kipimo cha ukinzani), rezista yenye mistari ya kijani, bluu na nyekundu. Paradox hutumia 1,000: kahawia, nyeusi, nyekundu. Vista za Honeywell hutumia 2,000. Ukifunga paneli inayotafuta 1,000 kwenye laini yenye 5,600, kwake mlango huo hautafungika kamwe.

Sanduku lilikuwa na kebo kumi za kulinda nyumba: mlango wa mbele, mlango wa jikoni, mlango wa kuteleza wa barazani, madirisha ya upande wa bustani, madirisha ya upande wa barabara, sensa za mwendo tatu (sebuleni, chumba cha kulia, ukumbi wa juu), kitufe cha dharura chumbani kwa mzee, na banda la uani. Kebo kumi kwenye zoni sita. Fundi wa zamani alikuwa ameziunganisha kwa mfululizo ndani ya sanduku: mlango wa jikoni na madirisha yote ya chini vilikuwa zoni moja, nambari 3. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba kuhusu zoni hiyo alijibu papo hapo: "Hiyo tunairuka kila siku, baba. Ilikuwa inalia hovyo." Yaani kwa muda mrefu madirisha yote ya chini na mlango wa jikoni vilikuwa nje ya ulinzi kila usiku, kwa sababu swichi moja kati ya nyingi ilikuwa mbovu na hakuna aliyejua ni ipi. Paneli yenye zoni za kutosha inatakiwa hasa kwa ajili ya hili. Kila kebo ikiwa na zoni yake, hitilafu ya dirisha moja haiuzimi ukuta mzima.

Nilizitenganisha kebo zote, nikazipima moja moja na mita, huku mjukuu akifungua na kufunga milango nikimwita. Mlango wa mbele ulionyesha ohmu 5,610 ukiwa umefungwa, na ukifunguliwa mzunguko unakatika. Safi kabisa. Mlango wa jikoni ulionyesha ohmu nne tu, yaani swichi na waya peke yake bila rezista. Ni sawa, kwa kuwa katika mfululizo ule rezista ilikuwa kwenye laini nyingine. Kebo ya alamu ya milimita mraba 0.22 ina karibu ohmu 8 kwa kila mita 100 za uzi mmoja, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa mita 25 au 30 huleta ohmu nne au tano. Namba iliyo juu sana ya hiyo ina la kusema.

Madirisha ya bustani yalisema. Mita ilionyesha 5,900, ikapanda 6,400, ikashuka tena nilipogonga fremu kwa kiganja. Chumvi ya bahari na unyevu vilikuwa vimeingia kwenye maungio. Kutu inaongeza ukinzani, na paneli ikiona namba inayoyumba hivyo hulia bila mwizi. Ndiyo iliyokuwa siri ya zoni 3.

Lililonishtua zaidi ni mlango wa kuteleza wa barazani. Ohmu tatu ukiwa umefungwa. Mjukuu akaufungua wote: ohmu tatu. Vibati vya ndani ya swichi ya sumaku vilikuwa vimegandana, na rezista yake haikuwa mlangoni, ilikuwa ndani ya sanduku, karibu na bodi. Kwa paneli mlango huo ulikuwa umefungwa daima. Kipadi kiliwaka taa ya kijani, king'ora hakikuwahi kusumbua, na familia iliuhesabu mlango ule kuwa ndio usio na matatizo. Swichi inayolia hovyo watu huilalamikia. Iliyoganda hakuna anayeijua mpaka mtu afungue mlango makusudi na kuangalia kama paneli imeona. Familia yoyote inaweza kufanya jaribio hilo bila fundi, mlango kwa mlango.

Sensa za mwendo zilitaka utulivu. Ukizipima bila umeme zote huonyesha mzunguko umekatika, kwa sababu kiunganishi cha ndani hujiachia umeme ukiondoka. Kuna mafundi wanaopima hivyo na kumwambia mwenye nyumba kuwa waya umekatika ukutani. Nilizipa volti 12 kutoka kwenye betri, nikasubiri zitulie, ndipo nikapima. Waya zote tatu zilikuwa nzima. Sensa zenyewe zilikuwa zimechoka. Sensa hizi huona tofauti kati ya joto la mwili na joto la chumba, na katika sebule ya Dar iliyofungwa mwezi wa pili tofauti hiyo ni ndogo. Za kisasa zenye kujirekebisha kwa joto zinafanya kazi vizuri zaidi. Moja ilikuwa na mayai ya mjusi ndani.

Banda la uani lilikuwa habari nyingine. Kebo yake imefukiwa ardhini bila bomba. Kati ya waya na ethi (ardhi) mita ilionyesha ohmu elfu arobaini tu, ilhali inatakiwa ipite milioni. Maji yameingia. Hapa niongeze tahadhari: kifaa cha volti 500 cha kupima insulesheni, yaani ganda la waya, kisitumiwe hata kidogo ikiwa sensa au paneli bado imefungwa kwenye waya, kitaziua.

Baada ya hapo ndipo tukazungumza paneli, na mezani palikuwa na njia nne.

Paneli za bei rahisi za kadi ya simu, zile zinazouzwa na swichi zake ndani ya boksi moja, niliziondoa mapema. Nyingi hazina utaratibu wa rezista kwenye zoni za waya, na nyingi hutumia redio ya megahezi 433 yenye msimbo usiobadilika, ambao mtu mwenye kifaa kidogo anaweza kuunasa na kuurudia. Kwa kioski zinafaa kuliko kukosa kabisa. Kwa nyumba yenye kebo kumi ukutani ni kurudi nyuma.

Mfumo wa redio wenye kigeuzi cha waya niliuchukulia kwa uzito. Ajax, kwa mfano, wana kifaa kiitwacho MultiTransmitter kinachopokea laini 18 za waya na kuzipeleka kwenye kituo chao kwa redio. Programu yao ya simu ni nzuri kuliko nyingi nilizozitumia. Lakini hapa unanunua vifaa viwili vya kufanya kazi ya kimoja, na kati yao unaweka redio ambayo waya ulikuwa umekuepusha nayo. Nyumba isiyo na kebo ningeipendekezea mfumo huo bila kusita.

Zikabaki mbili zilizolingana kweli: Paradox Spectra SP6000 na DSC PowerSeries Neo HS2032. Zote ni paneli za waya zinazoweza kupokea redio kwa nyongeza. SP6000 ina zoni 8 kwenye bodi, na kuna utaratibu wa kuzifanya 16 kwa kufunga sensa mbili kwenye laini moja. HS2032 nayo ina 8, na kwa kadi ya HSM2108 unaongeza 8 nyingine.

Tofauti ililetwa na rezista za ohmu 5,600. Zile za sensa za mwendo zimo ndani ya sensa; unapanda ngazi, unafungua kifuniko, unabadilisha. Lakini ya mlango wa mbele imo ndani ya fremu ya mninga, nyuma ya lipu. Ya kitufe cha dharura iko nyuma ya kabati la ukutani lililojengwa baadaye. Ya madirisha ya bustani iko kwenye swichi ya mwisho, ndani ya fremu, na huko nilihitaji kufungua maungio yaliyo karibu tu, si fremu nzima. Kuhamia paneli ya ohmu 1,000 kungetaka kupasua mahali patatu.

Fundi mwenzangu mmoja alinishauri njia ya mkato inayojulikana mjini: funga rezista ya 1,200 sambamba na laini pale kwenye paneli, jumla itakuwa karibu 1,000. Hesabu ya mlango uliofungwa ni kweli: 5,600 na 1,200 sambamba ni 988. Sasa fungua mlango. Ile 5,600 inaondoka, inabaki 1,200 peke yake. Paneli iliyokuwa inaona 988 sasa inaona 1,200, tofauti ndogo mno ya kutegemea, na inaweza kuamini mlango bado umefungwa. Laini ya namna hiyo imekufa ingawa taa ni ya kijani, hali ileile ya mlango wa barazani. Wenye nyumba waliofungiwa paneli mpya kwa siku moja bila sensa yoyote kuguswa wana haki ya kumuuliza fundi wao alifanya nini kuhusu rezista.

Nikachagua HS2032. Kama rezista zote zingekuwa mahali pa kufikika ningechukua Paradox na ningelala usingizi vilevile. Mafundi wengi wanaijua, na hilo lina thamani kubwa siku fundi wa kwanza akihama mji. Hapakuwa na haja ya kuilaumu paneli yoyote. Ukuta ndio uliochagua.

Kulikuwa na njia ya kubaki na vipadi vya zamani, kwa kutafuta bodi ya DSC ya kizazi kilichotangulia Neo, kama PC1832, inayoelewana navyo. Neo haielewani navyo, japo waya nne za kipadi ni zilezile. Mzee alipenda wazo hilo kwa ajili ya gharama. Nilimwomba akitazame kipadi cha mlangoni karibu na mwanga. Vitufe vinne vilikuwa vimefutika namba, vilivyobaki vinang'aa kama vipya. Mgeni yeyote aliyesimama pale mlangoni alijua msimbo umetengenezwa na tarakimu zipi, na tarakimu nne tofauti zina mipangilio 24 tu. Vipadi vikatoka.

Kipadi kipya kina maandishi, na tuliyaandika kwa Kiswahili: DIRISHA BUSTANI, MLANGO JIKO, BARAZA. Jambo dogo, ila mama aliacha kuiogopa alamu siku ileile, kwa sababu sasa anasoma mahali na si nambari.

Umeme ulitaka hesabu yake. Bodi, vipadi viwili, sensa tatu na kifaa cha kadi ya simu kwa pamoja hula karibu miliampea 450. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7 ukiigawa kwa hiyo unapata saa kumi na tano za kwenye karatasi, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kwenye mgao wa umeme wa saa kumi na mbili inaonekana inatosha, lakini betri za risasi huchoka upesi kwenye joto: kila nyuzi nane hadi kumi juu ya 25 hupunguza maisha yake karibu kwa nusu, na stoo ya chini ya ngazi haina hewa. Tukaweka sanduku kubwa zaidi, betri mbili za aina moja na za siku moja, na kuwasha kwenye paneli chaguo la kuchaji kwa mkondo mkubwa. Kila betri imeandikwa kwa wino tarehe iliyofungwa. Transfoma ya zamani ilibaki, ikapata kinga ya umeme mkubwa mbele yake.

Kwa mawasiliano, kampuni ya ulinzi inayomhudumia mzee ina redio yake, inayofungwa kwenye paneli yoyote kupitia kiunganishi. Niliwapigia kabla ya kununua kitu, wakaniambia wanahitaji nini. Hatua hiyo mara nyingi husahauliwa, halafu paneli nzuri inafungwa na walinzi hawasikii kitu. Kifaa cha kadi ya simu kilikuwa cha pili yake, kwa ajili ya ujumbe kwa mzee na binti yake aliyeko Arusha.

Kuhusu misimbo nilikuwa na msimamo, na mzee aliuunga mkono. Paneli ina msimbo wa mwenye nyumba na msimbo wa fundi. Ule wa fundi wa kiwandani unajulikana na kila mtu wa kazi hii, kwa hiyo ni lazima ubadilishwe. Lakini ukibadilishwa na fundi akaondoka nao kichwani, mwenye nyumba amefungwa mikono. Kuna mpangilio wa kuifunga bodi isirudishwe hali ya kiwandani, na kwenye DSC za zamani uliijua bodi iliyofungwa hivyo kwa mlio wa ta-ta-ta ukiiwasha. Bodi ya namna hiyo msimbo ukipotea hutupwa ikiwa nzima. Mpangilio huo sikuuwasha. Msimbo mpya wa fundi uliandikwa pamoja na orodha ya zoni na vipimo vya ohmu vya kila laini, ukawekwa kwenye bahasha, mzee akaifungia kwenye kabati lake.

"Na wewe je, unabaki nao?" aliniuliza.

"Hapana, mzee. Siku ukiniita utanifungulia bahasha mwenyewe."

Mlango wa barazani ulipata swichi mpya, na rezista yake ikafungwa mlangoni badala ya kwenye sanduku. Laini nyingine zilizokuwa hazina rezista zilipata za kwao kwenye sensa au swichi ya mwisho. Maungio ya madirisha ya bustani yalikatwa, yakalehemiwa upya kwa risasi na kufunikwa kwa mipira ya kubana joto. Sasa yanasoma 5,630 hata fremu ikigongwa. Halafu nilipita kila laini nikaikata makusudi na kuipiga shoti makusudi, kwenye mwisho wake wa mbali, na kuangalia kipadi kinasema nini kila mara. Ni kazi ya mchana mzima, na hakuna mbadala wake.

Banda la uani halikurudi kwenye waya. Kipadi kimoja tulikichukua chenye redio ndani yake, na mlango wa banda una swichi isiyo na waya inayozungumza nacho. Mzee amekubali kuchimba mtaro na kuweka bomba kiangazi kikifika, kebo mpya ipite humo, na zoni ya kumi imebaki wazi kwenye kadi ikiisubiri.